Fremu Moja ya Bi Siwema

Sogeeni, na mwenye simu ainyamazishe. Kisa hiki nimejaribu kukiamua mwenyewe mara nne, na kila nilipoamua, mke wangu alinipinga kwa hoja nzuri kuliko yangu. Sipendi kushindwa huku nakula. Leo nawaletea nyinyi mpate taabu kidogo.

Katika mtaa wa Matofalini palikuwa na wapangaji watatu katika nyumba moja, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Ndeshi, dada wa steshenari, anayechapa barua na kutoa kopi. Kipaji chake kilikuwa kusoma kitu mpaka mwisho. Wewe na mimi tunasoma kichwa cha habari, tunaanza kugombana. Ndeshi alisoma hata yale maandishi madogo kwenye kiboksi cha dawa ya mbu. Siku aliyokuja kupanga chumba, aliusoma mkataba wote huku mwenye nyumba amemshikia kalamu, na uji wa mwenye nyumba ukapoa.

Wa pili ni Masumbuko, dalali wa vyumba, viwanja na nyumba. Ofisi yake ilikuwa kiti cha plastiki na mwavuli karibu na kijiwe cha bodaboda. Kipaji chake kilikuwa kumsoma mtu. Alisema mnunuzi wa kweli hukimbilia kuangalia choo na maji, na yule asiye na nia husimama sebuleni akasifu dari. Alikosea mara chache sana, na mara hizo hakupenda zitajwe.

Wa tatu ni Fundi Haule, mwashi. Maneno yake yalikuwa machache. Akifika mbele ya ukuta wowote aliugonga kwa kiungo cha kidole, akainamisha kichwa na kusikiliza, kisha akajua saruji iliwekwa kiasi gani na mchanga kiasi gani. Alifanya hivyo hata siku alipokwenda kujitambulisha ukweni, na mama mkwe alinuna mpaka chakula kilipoletwa.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Bi Siwema, mjane wa Mzee Kibwana aliyekuwa fundi cherehani. Ilikuwa na vyumba vinne huku na vinne kule, korido katikati, na uwani palipokuwa na jiko na bomba. Chumba kimoja cha mbele kilifungukia barabarani. Hicho ndicho watu wa mjini wanachokiita fremu, mahali pa kuweka duka. Mzee Kibwana alishonea humo maisha yake yote, na tangu afariki fremu ilikaa imefungwa. Haule aliishi katika nyumba hiyo miaka kumi na miwili, Masumbuko saba, Ndeshi miwili.

Kama ilivyo desturi ya mji ule, mpangaji alilipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kabla hajaimaliza hata wiki moja. Bi Siwema alitegemea mkupuo huo kupeleka wajukuu shule na kubadili bati zilizooza. Hakuwa mkali. Aliwaita wapangaji wake wanangu, na mwezi wa mfungo alipika futari ya nyumba nzima, hata kwa Haule na Ndeshi ambao ni Wakristo na hawakuwahi kukosa hata siku moja.

Basi ukaja uchaguzi mkuu.

Mgombea mmoja aliahidi mambo mawili. Kwanza, kodi ya nyumba italipwa mwezi kwa mwezi, mkupuo marufuku. Pili, mpangaji aliyekaa miaka kumi katika nyumba ya serikali atauziwa nyumba hiyo kwa bei nafuu. Mgombea wa pili naye hakutaka kupitwa. Aliahidi kujenga nyumba elfu ishirini katika uwanda wa Chikole, nje ya mji, ili kila mtu apate pa kulaza ubavu.

Ahadi hizo zilikuwa nzuri. Zilichapwa vitabuni, zikaitwa ilani, na Matofalini nzima hakuna aliyefungua kitabu hata kimoja. Watu walisikiliza mkutano nusu, wakaondoka kuwahi foleni ya maji, wakaenda kusimulia saluni. Kufika jioni, yale maneno "ya serikali" yalikuwa yameshadondoka njiani. Kilichobaki ni kwamba mpangaji akitimiza miaka kumi nyumba inakuwa yake.

Hapo ndipo wenye nyumba walipopata homa. Akishinda huyu, wapangaji wanachukua nyumba. Akishinda yule, wapangaji wanahamia Chikole na vyumba vinabaki na mijusi. Kwa namna yoyote mwenye nyumba alijiona amekwisha. Mnajua zile kuta zilizoandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI, ili ndugu wasije kuiuza kwa siri? Wenyewe walipanda ngazi na ndoo za chokaa, wakayafuta maneno yao wenyewe. Mtaa ukajaa vibao vya kuuza. Wauzaji walipokuwa wengi, bei ikaporomoka, na bei ilipoporomoka, waliokuwa bado hawajaogopa wakaogopa. Bi Siwema naye alinunua chokaa.

Mfanyabiashara mmoja mwenye maghala hakuogopa. Yeye alinunua. Msimwite mwizi, hakumshikia mtu bastola. Alisubiri woga wa wenzake uive, basi. Siku ya Alhamisi Masumbuko alimleta kwa Bi Siwema, na huyo bwana akazunguka nyumba pamoja na fundi wake. Yule fundi akanyoosha kidole kwenye ufa mrefu ulioshuka kutoka kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya dirisha, mpaka chini.

"Mama, ukuta huu hauvuki vuli hii," alisema.

Mfanyabiashara akataja bei, ndogo, akasema anaishikilia mpaka Jumamosi ya wiki inayofuata. Baada ya hapo kura zitapigwa, na yeye hataki tena.

Bi Siwema hakutaka kuuza. Kila tofali la nyumba ile alilijua, na mengine aliyabeba kichwani akiwa na mimba. Lakini aliogopa, na kilichomuuma zaidi ni kwamba aliowaogopa ndio aliowapenda. Jioni ile aliwaita uwani.

"Wanangu, Jumamosi ya wiki ijayo nakwenda serikali ya mtaa kutia sahihi. Mnisamehe. Mtatafuta vyumba kwingine." Kisha akamgeukia Haule. "Na wewe, Fundi, una miaka kumi na miwili humu. Nikikuacha, utakuwa mwenye nyumba na mimi nitakuwa mpangaji wako."

"Mimi, Mama?" Haule alishika kifua.

"Wewe. Si kwa ubaya wako, baba. Ndiyo sheria inayokuja."

Haule aliaga, akaenda kukaa chumbani kwake. Bi Siwema alilia, na hakujificha.

Sasa sikilizeni alichofanya kila mmoja.

Ndeshi hakuamini sheria asiyoisoma. Jumatatu alikwenda kwenye ofisi za vyama vyote viwili kuomba ilani.

"Chukua kofia, dada," walimwambia kwenye ofisi ya kwanza.

"Kofia sitaki. Nataka kitabu."

"Kanga je?"

Kitabu kilipatikana mwishowe, kimewekwa chini ya mguu wa meza ili meza isicheze. Kwenye ofisi ya pili ilibidi apigiwe simu mtu aliyekuwa na ufunguo wa kabati. Ndeshi akasoma vitabu vyote viwili kati ya mteja na mteja, siku mbili na nusu, kurasa za kilimo, za mifugo, za michezo, mpaka akafika kwenye nyumba. Jumatano alasiri aliketi na Bi Siwema kwenye mkeka, akamwekea kidole chini ya mstari.

"Soma mwenyewe, Mama. Nyumba za serikali. Yako si ya serikali."

Bi Siwema alivaa miwani, akasoma mara tatu. "Kwa hiyo Haule haninyang'anyi?"

"Hawezi hata akitaka. Kinachoguswa kwako ni mkupuo tu. Utapokea kodi mwezi kwa mwezi."

"Hiyo nitaizoea," alisema Bi Siwema, akavuta pumzi ndefu. Kisha akakunja uso tena. "Lakini zile elfu ishirini? Akishinda yule mwingine, mtabaki humu kunifanyia nini?"

Hofu moja ilikuwa imetoka, ya pili ikakaa kwenye kiti chake.

Hapo ndipo alipoingia Masumbuko. Ukweli usemwe, huyu ndiye aliyemleta mnunuzi, na alikuwa ameahidiwa ujira mnono siku sahihi itakapotiwa. Alikuwa ameshachagua hata rangi ya pikipiki. Lakini tangu Alhamisi ile kitu kimoja kilikuwa kinamkereketa. Mnunuzi alizunguka nyumba yenye vyumba vinane na hakuangalia choo. Hakufungua bomba. Alipima kwa macho upana wa uwanja wa mbele, akaangalia barabara, akaondoka.

Masumbuko alipanda bodaboda mpaka Chikole. Huko alikuta upepo, mbuzi, na wapimaji wawili wanaokula ndizi. Maji hayajafika, soko hakuna. Akawauliza wale wapimaji: mafundi na wahandisi watakaojenga watakaa wapi? "Matofalini," walimjibu, "ndiko karibu penye maji. Una vyumba?" Kumbe hata zikijengwa, nyumba zile zingechukua miaka, na miaka hiyo yote wajenzi wangetaka pa kulala. Aliporudi alipita nyuma ya nyumba ya Bi Siwema, akagundua kwamba mfanyabiashara ameshanunua nyumba nne zilizopakana nayo kwa nyuma, zote hazina njia ya lori. Njia ilikuwa hapa tu.

Alhamisi akamweleza Bi Siwema yote. "Mama, huyu bwana hana habari na vyumba vyako. Anataka mlango wa malori yake. Na wapangaji hawaendi popote, watakuja wengine. Usiuze."

"Na ujira wako, Masumbuko?"

"Usinikumbushe, Mama."

Pikipiki ikaota mbawa. Bi Siwema alimshika mkono, akacheka, halafu macho yake yakaenda kwenye ufa. "Lakini ikianguka? Bora niiuze imesimama kuliko kuuza kifusi, nanyi mkiwa ndani yake."

Hofu ya tatu hiyo, na haikuweza kuondolewa na kitabu wala maneno ya dalali.

Fundi Haule hakuwa amekaa bure. Tangu Ijumaa ya wiki iliyotangulia, asubuhi ya pili tu baada ya kuambiwa ataigeuza nyumba kuwa yake, aliacha kazi ya kujenga zahanati, kazi nzuri ya miezi mitatu, akabaki nyumbani na kolego lake la kuchimbia. Aliugonga ukuta kutoka juu hadi chini, akasikiliza. Kisha akakoroga plasta, akabandika vipande vinne juu ya ufa, kila kipande kikishika upande huu na upande ule wa ufa, akaandika tarehe juu yake kwa penseli. Ukuta ukiendelea kutembea, kipande hupasuka. Ukiwa umetulia, hubaki kizima. Baada ya hapo akazunguka nje, akaona maji ya bati la jirani yanamwagika kwenye msingi kila mvua inaponyesha. Alizungumza na jirani, akachimba mtaro mrefu mpaka kwenye mfereji, akaupanga mawe, akaujengea. Hakumwambia mtu anachofanya, na mtu akimuuliza alijibu, "Nachimba."

Mvua ilinyesha Jumanne, ikanyesha kubwa Alhamisi. Ijumaa Haule alimwita Bi Siwema ukutani. Vipande vyote vinne vilikuwa vizima, hakuna hata unywele wa mpasuko.

"Ufa huu ni mzee, Mama," alisema. "Umemaliza safari yake zamani. Kilichokuwa kinatafuta balaa ni maji, na maji nimeyahamisha."

Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa katika nyumba ile. Bi Siwema aliweka kiganja juu ya plasta akakiacha hapo kwa muda mrefu.

Jumamosi mfanyabiashara alifika na mashahidi wake. Bi Siwema aliwapa chai na maandazi, kisha akamwambia hauzi. Bwana akaongeza bei. Akaongeza tena, na hapo kila mtu akajua Masumbuko hakukosea. Bi Siwema akatikisa kichwa. Bwana akacheka, akaomba kikombe cha pili, akamkata Masumbuko jicho moja tu, akaenda kutafutia malori yake njia kwingine. Mchana huo Bi Siwema alinunua kopo la rangi nyekundu, na Ndeshi akamwandikia yale maneno upya ukutani, kwa herufi zilizonyooka kuliko za mwanzo.

Nani alishinda uchaguzi? Sisemi. Nikisema, nusu yenu mtashangilia, nusu mtanuna, na kisa changu kitaharibika. Itoshe kwamba baada ya miezi michache bei za nyumba zilipanda zikapita pale zilipokuwa, na baadhi ya waliouza sasa wamepanga chumba katika mtaa ule ule walimokuwa na nyumba. Kwa Bi Siwema vyumba vimejaa. Kuna mpimaji mmoja anayeimba bafuni, na wote wamemzoea.

Sasa fikeni kwenye taabu yangu. Mwezi uliopita Bi Siwema aliifungua fremu, akampelekea mjukuu wake cherehani ya babu, akafagia, akawaita wale watatu.

"Nyinyi mliiokoa nyumba yangu," alisema. "Mmoja wenu nampa fremu hii miaka kumi, bila kodi. Semeni ni nani."

Waliomba kugawana. Lakini mashine ya kopi ya Ndeshi haiwezi kukaa na vumbi la saruji la Haule, na hakuna mtu atakayekuja kwa Masumbuko kunong'ona habari za kuuza nyumba ya urithi mbele ya foleni ya watu wanaosubiri kopi. Fremu ni hatua tatu kwa nne. Ni ya mtu mmoja.

"Mimi nimeajiriwa kwenye steshenari ya mtu, na nina ndoto ya kuwa na yangu," alisema Ndeshi. "Lakini siombi kwa ndoto. Bila mimi Mama angemwona Haule kama mnyang'anyi, na plasta yake asingeitazama. Na mimi nilikuwa na miaka miwili tu humu. Ningeweza kufunga begi nikaondoka."

"Wewe ulitumia muda, dada, na vitabu ulipewa bure," alisema Masumbuko. "Mimi nilikuwa na kitu mkononi nikakiachia. Nani mwingine hapa alikuwa analipwa ili nyumba iuzwe?"

"Wewe ndiye uliyemleta mnunuzi," alisema Ndeshi.

"Nilimleta, na ndiyo maana niliweza kumjua. Mwingine angemleta na kunyamaza."

Wote wakamgeukia Haule. Alijikuna kidevu. "Nyumba inasimama kwa ukuta," alisema. Walisubiri aendelee. "Basi."

"Lakini Fundi," Masumbuko alimchokoza, "wewe ulianza kuitengeneza siku ile uliposikia itakuwa yako. Tutajuaje hukuwa unajitengenezea?"

Haule alimtazama, na uso wake ukawa na huzuni kidogo. "Ningetaka iwe yangu," alisema polepole, "ningekaa kimya nikapiga kura."

Bi Siwema aliwatazama mmoja mmoja, akatoa ufunguo kwenye pindo la kanga. Alimnyooshea Ndeshi, mkono ukasita. Akamnyooshea Masumbuko, ukasita. Mbele ya Haule ukasita zaidi, kwa kuwa ndiye ambaye Bi Siwema alimwogopa wakati mwenzake anamchimbia mtaro.

"Nikimpa mmoja, wawili nitawaonaje kesho uwani?" alisema. "Na nisipompa yeyote, mimi ni mtu wa namna gani?"

Mke wangu anasema Ndeshi, maana woga ulioanzishwa na maneno huondolewa kwanza kwa maneno. Mimi leo asubuhi nilikuwa upande wa Masumbuko, na sasa hivi nikiwasimulia nimeanza kuelemea kwa Haule. Nimegundua jambo jingine pia. Wenye nyumba ninaowasimulia kisa hiki wana jibu lao, na wapangaji wana lao. Kwa hiyo leo, mwenye nyumba aamue kama aliyepanga, na aliyepanga aamue kama mwenye nyumba.

Bi Siwema bado amesimama mlangoni, mkono umeanza kumchoka. Chukua huo ufunguo, uwaangalie watatu hao usoni. Haya, wewe unamkabidhi nani, na wale wawili unawaambia nini?